Zawadi za Krismasi kwa Wapenda Mapishi: Mwongozo Kutoka Mbegani

Desemba ikifika katikati, mabasi ya Moshi, Bukoba na Mbeya huanza kujaa Dar es Salaam, na kila abiria ana mzigo wa kwenda nao nyumbani. Ukifungua mizigo hiyo utakuta mikate, biskuti za kopo, vitenge na sukari. Ni zawadi za heshima, na mwenye kuzipeleka asione haya. Lakini kama nyumbani kwenu yupo mtu apendaye kupika kweli, yule anayeonja mchuzi mara tatu kabla ya kuuepua, unaweza kumpa kitu kitakachomfurahisha zaidi. Ukiwa unaishi pwani hii ya kaskazini mwa Dar es Salaam, hutakitafuta mbali.

Mbegani iko ufukweni, kusini mwa mji wa Bagamoyo, upande wa magofu ya Kaole. Wengi wanaijua kwa chuo chake cha uvuvi, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA). Katika kijiji jirani cha Mlingotini akina mama wanalima mwani. Ukivuka mji wa Bagamoyo kuelekea kaskazini unakutana na mashamba ya chumvi ya Nunge, na mbele yake Mto Ruvu unaingia baharini. Ukishika barabara ya Msata unafika Kiwangwa kwenye mananasi. Samaki, chumvi, mwani, nazi, korosho na matunda vyote viko ndani ya mwendo wa siku moja.

Zawadi ya chakula huwa nzuri ikitimiza mambo matatu: iendane na jiko la anayepewa, itoke mahali unapopajua, na ifike pamoja na maelezo ya namna ya kuitumia. Likikosekana moja, zawadi hukaa kabatini hadi Pasaka.

Anza na jiko lake

Kabla hujaingia sokoni, jiulize maswali manne.

La kwanza, anapika mwenyewe au anapikiwa? Anayependa kula lakini hapiki, mpe kilicho tayari: kashata, achari, korosho za kukaanga, asali. Anayepika, mpe malighafi au chombo.

La pili, anapikia nini? Chungu kitamfaa mwenye mkaa au kuni kuliko mwenye jiko la umeme. Kikaango kizito cha chuma kinakwenda kokote.

La tatu, kwao wanakosa nini? Usimpelekee mtu wa Kyela mchele wala mtu wa Tabora asali, kwa sababu huko ndiko vinakosifika. Mpelekee cha bahari. Huu ndio msingi wa kuchagua: chukua kile ambacho pwani inacho tele na kwao ni adimu.

La nne, ana katazo gani? Mwenye presha hapelekewi samaki wa chumvi. Wapo wanaovimba midomo wakila kamba au karanga, na hili uliza wazi, usibahatishe. Swali moja la simu halitaharibu raha ya zawadi, na linaweza kuokoa sikukuu nzima.

Vya baharini vinavyovumilia safari

Samaki mbichi ni zawadi ya jirani. Anayekaa Bagamoyo, Kerege au Bunju unaweza kumfikishia changu au kolekole asubuhi ya mkesha, kwenye deli lenye barafu ya kutosha, na akampika siku hiyohiyo. Ukienda mnadani, mtazame samaki macho: yawe angavu na yaliyotuna, mashavu ndani yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Samaki ambaye nyama yake imelegea, mfupa wa mgongo umevunjika na damu imejaa tumboni huenda ameuawa kwa baruti. Usimnunue. Uvuvi wa baruti ni kosa kisheria, na unavunja matumbawe ambamo samaki wa miaka ijayo wangezaliwa.

Kwa safari ya kwenda bara, chagua vikavu. Uduvi ndio ninaoupendekeza kuliko vyote. Ni mwepesi, hauchukui nafasi, na mkono mmoja wa uduvi unatia sufuria nzima ya kisamvu cha nazi ladha ya bahari. Midomo ya mito ya Wami na Ruvu, yenye mikoko mingi, ni makazi yanayojulikana ya kamba, kwa hiyo ukanda huu hauna shida ya kamba wakavu wala uduvi. Unaponunua, shika mkononi: uwe mkavu wa kukatika, usiwe na unyevu wala mchanga, na harufu iwe ya bahari, isiwe ya kuchacha. Andika kwenye karatasi ndogo: "Pepeta, osha kwa maji ya vuguvugu, kaanga na kitunguu na nyanya, kisha tia tui zito mwishoni."

Ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, ni zawadi ya mpishi mwenye uzoefu. Mwambie amloweke usiku kucha na abadilishe maji mara mbili ndipo ampike kwa tui na maembe mabichi. Papa nakushauri umwache. Aina nyingi za papa zinapungua baharini, na ng'onda wa nguru hana upungufu wowote mezani.

Kwa mpishi mdadisi, yule anayependa kujaribu asichowahi kukiona, mpelekee mwani mkavu. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kikasambaa pwani ya bara, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa nje, ambako hutolewa utomvu wa kuzitia uzito bidhaa za viwandani. Jikoni kazi yake ni ileile. Unaoshwa mara kadhaa hadi chumvi na mchanga viishe, unalowekwa hadi ulainike, kisha unachemshwa kwa moto mdogo. Maji yake huwa mazito, na ukichanganya na juisi ya embe na kuipoza, inapata uzito mzuri. Ukinunua moja kwa moja kwa kikundi cha akina mama, fedha yako inaingia mkononi mwa aliyekanyaga maji alfajiri kufunga kamba.

Chumvi, iwe na maelezo yake

Chumvi ya pwani huvunwa kwa jua. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa ya kina kifupi, jua linayakausha, na punje zinabaki chini. Chumvi ya mawe ina punje kubwa, na inafaa sana kupaka samaki kabla ya kumchoma, kutia kwenye achari na kuhifadhia ndimu. Ukiitia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, pamoja na ganda kavu la ndimu na pilipili manga iliyopondwa, umepata zawadi nzuri kwa fedha ndogo.

Kuna tahadhari moja. Chumvi ya kula kila siku inatakiwa iwe na madini joto, hasa kwa watu wa nyanda za juu, ambako upungufu wake umewaletea watu rovu kwa miaka mingi. Chumvi ya mawe iliyotoka bwawani huenda haijatiwa madini hayo. Kwa hiyo andika kwenye chupa: "Ya kuchomea na achari. Chumvi ya mezani ibaki yenye madini joto."

Viungo vya pilau vya nyumba moja

Nyumba nyingi za Tanzania zitapika pilau siku ya Krismasi. Pakiti ya viungo vilivyosagwa dukani hupoteza harufu mapema, kwa sababu kiungo kikishasagwa mafuta yake huanza kuruka. Mpe mpishi viungo vizima, vilivyopimwa kwa sufuria moja.

Kwa kilo moja ya mchele, funga pamoja bizari nyembamba vijiko viwili vikubwa, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, iliki punje nane, karafuu punje sita na mdalasini vijiti viwili. Tengeneza vifurushi vinne vya namna hiyo, kimoja cha Krismasi na vitatu vya mwaka mpya. Atakuwa na pilau nne asizohitaji kuzihangaikia.

Taja vilikotoka. Iliki na mdalasini mzuri hutoka Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na pia milima ya Uluguru kule Morogoro. Karafuu ni ya Pemba na Unguja. Zanzibar inasimamia biashara ya karafuu kwa karibu, na Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) ndilo linalonunua kwa wakulima, kwa hiyo ukiwa visiwani nunua iliyofungashwa dukani, si magunia ya njia za panya. Kupima ubora, bonyeza kikonyo cha karafuu kwa ukucha. Kikitoa mafuta kidogo, bado ina nguvu. Iliki chagua yenye ganda la kijani lililofunga.

Matunda ya Desemba na achari yake

Krismasi ya pwani inaangukia kwenye maembe, mananasi na korosho. Matunda ni zawadi isiyohitaji maelezo mengi, ila uchaguzi wake unahitaji akili. Embe huendelea kuiva likiwa limechumwa, kwa hiyo la safari lichukue likiwa limekomaa na bado gumu, lifunge moja moja kwenye gazeti, na litafika Moshi likiwa tayari kuliwa. Nanasi halifanyi hivyo. Likishakatwa haliongezi utamu, linalainika tu. La Kiwangwa lichukue limeshaiva, likinukia chini kwenye kitako, na liliwe ndani ya siku chache.

Kwa asiyeweza kubeba kikapu cha matunda, achari ya embe inakaa miezi. Chukua maembe mabichi kumi ya wastani, yakate vipande pamoja na ganda, changanya na vijiko vinne vikubwa vya chumvi, kisha yaanike juani siku mbili, usiku ukiyaingiza ndani. Chemsha vikombe viwili vya siki pamoja na pilipili uzipendazo, kitunguu saumu, tangawizi na kijiko kimoja cha manjano. Tia maembe, yaache yachemke kidogo, kisha yajaze kwenye chupa ulizozichemsha kwa dakika kumi. Hakikisha siki imefunika kila kipande, ukiongeza nyingine ya moto pakihitajika, kwa sababu siki ndiyo inayoilinda achari isiharibike. Iache wiki mbili kabla ya kufunguliwa. Kwenye lebo andika tarehe ya kutengenezwa na ukali wake, usije ukamliza mama mkwe.

Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na mashamba yapo hapahapa mkoani Pwani. Nunua zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa, ukazikaange mwenyewe kwa moto mdogo na chumvi kiasi. Zikipoa kabisa ndipo uzitie kwenye kopo. Zikifungwa za moto hutoa jasho na kulegea.

Dele, kahawa na kashata

Hii ndiyo zawadi yenye historia ya Bagamoyo ndani yake. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, na kutoka hapo Ukristo wa Kikatoliki ukaingia bara. Mapadre hao hawakupeleka vitabu vya sala peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19 miche ya kahawa aina ya arabika ilipita katika misheni zao, ikafika Kilema kwenye mteremko wa Kilimanjaro na Bura upande wa Kenya. Familia ya Kilimanjaro inayotegemea mibuni leo ina uhusiano wa zamani na pwani hii.

Kwa hiyo mpelekee mtu wa Moshi kile ambacho pwani ilikifanya na kahawa yake: dele la shaba au la bati, vikombe vidogo sita, tangawizi kavu na kashata. Mwandikie namna ya kupika: kahawa iliyokaangwa hadi ikolee na kusagwa laini ichemshwe kwa maji na tangawizi, bila sukari, kisha inywewe taratibu huku ukitafuna kashata. Utamu wa kashata na uchungu wa kahawa vinahitajiana. Kashata ya karanga inavumilia safari kuliko ya nazi, kwa hiyo ya nazi wapelekee wa karibu na ipike mkesha.

Vyombo vinavyodumu

Mbuzi ya kukunia nazi ni zawadi ambayo mpishi wa bara anaweza kuwa hajawahi kumiliki. Ichague kwa kuikalia: isiyumbe, miguu iwe sawa, na ulimi wa chuma uwe na meno makali yaliyochongwa vizuri, yasiyopakwa rangi. Iambatane na kifumbu cha kukamulia tui. Mpishi aliyezoea tui la pakiti ataonja tofauti siku ya kwanza.

Kinu kidogo cha viungo na mchi wake, chuma cha vitumbua, upawa wa kifuu na kawa la kufunikia chakula ni vyombo vingine vinavyopendeza na kufanya kazi. Chungu kigonge kwa kidole kabla ya kulipa. Kikitoa mlio wa wazi ni kizima. Mlio uliokufa unaonyesha ufa. Mwandikie mpokeaji akijaze maji kikae usiku kucha, kisha apike humo uji mwepesi kwa moto mdogo ndipo aanze kukitumia kwa mchuzi.

Hapa nina ombi. Usimpe mama yako sufuria mpya asubuhi ya Krismasi kisha ukamwachia awapikie watu ishirini. Aliyepika mwaka mzima anastahili siku moja ya kukaa barazani. Pamoja na chombo hicho, mpe mikono yako: kuna nazi wewe, menya vitunguu wewe, na vyombo vioshwe na vijana. Kuna akina mama wengi ambao hawajawahi kupewa zawadi hii, na haigharimu hata shilingi.

Daftari la mapishi

Nunua daftari lenye jalada gumu, ukae na bibi au shangazi, uandike anavyopika. Atakwambia "chumvi kiasi" na "maji ya kutosha". Usikubali kuandika hivyo. Mwombe apike nawe upime: kibaba kingapi cha mchele, nazi ngapi kwa samaki mmoja, muda gani tui la kwanza linatiwa baada ya la pili. Wazee wakitaja pishi, kumbuka pishi moja ni vibaba vinne. Andika mapishi kumi tu, lakini yawe kamili. Kisha nakili daftari jingine kwa kila ndugu. Mapishi mengi ya pwani yamekaa vichwani mwa watu, na mwenye kichwa akiondoka huondoka nayo.

Kwa jirani asiyesherehekea

Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na sahani za sikukuu huvuka ua kila Idi na kila Krismasi. Ukitaka sahani yako iliwe kwa moyo mweupe, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie kuku au mbuzi, na mafuta, sufuria na viungo viwe visivyo na shaka. Keki yenye pombe usiipeleke, hata kama pombe ni kidogo. Na sahani ya jirani ikija kwako, isirudi tupu: weka maembe mawili, kashata au hata chumvi.

Kufunga na kusafirisha

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa zawadi hilo limetusaidia. Matunda yafunge kwenye pakacha. Vikavu vitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani ya karatasi, ili basi zima lisijue umebeba uduvi. Chupa za achari zizungushie khanga. Doti moja inafunga zawadi mbili, na anayefungua anapata vazi juu ya chakula. Soma jina la khanga kabla ya kuinunua, maana maneno yake yatasomwa na familia nzima.

Kalenda yako

Mwisho wa Novemba: tengeneza achari na agiza mbuzi, chungu au chombo chochote cha fundi.
Desemba 1 hadi 10: nunua viungo, uduvi, chumvi na korosho, maliza daftari.
Desemba 11 hadi 18: funga na utume mizigo ya bara kabla mabasi hayajafurika.
Desemba 19 hadi 23: nunua maembe na mananasi ya kubeba mwenyewe.
Desemba 24: pika kashata ya nazi na nenda mnadani kuwanunulia samaki walio karibu.

Kama mfuko ni mdogo, chagua kimoja tu ukifanye vizuri. Kifurushi kimoja cha viungo vya pilau chenye maelezo safi kinashinda kapu kubwa lililojazwa haraka. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kwa mpenda mapishi moyo huo unaonekana pale anapogundua kwamba ulikumbuka anavyopika. Januari ikifika, mpigie umuulize alipika nini, kipi kilikolea na kipi kilimshinda. Majibu yake yaandike, kwa sababu ndiyo orodha yako ya Desemba ijayo.